Mistari Miwili Niliyoigeuza

Nilifika Mau Narok watu wakiwa wameshatoka kaburini. Nilikuwa nimekadiria vibaya ile barabara ya kupanda baada ya mvua, na nilichokuta ni udongo mbichi, mashada mawili ya maua, na wanaume waliokuwa wakipakia viti vya kukodi kwenye pikapu. Baridi ya huko nilikuwa nimeisahau. Nilisimama kando ya kaburi la Kiprono na buibui langu jembamba la Nakuru, nikasoma dua niliyoijua, kisha nikaenda kwenye mlango wa jikoni kwa sababu ndiko nilikosikia sauti za wanawake. Mke wake, Tabitha, hatukuwa tumewahi kuonana. Aliniuliza jina. Nilipomwambia ni Zainabu, nimetoka Nakuru, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema, "Ni wewe Zai wa kompyuta." Akanikalisha karibu na jiko, akanipa kikombe cha chai yenye maziwa mengi, na akaketi mbele yangu na beseni la viazi vya kumenya, maana wageni wa jioni walikuwa bado wanakuja. Aliyoniambia hapo nitayaeleza, lakini sharti kwanza niusimulie mwaka niliofanya kazi na mumewe. Bila mwaka huo maneno yake yangekuwa ya mjane anayemkaribisha mgeni, basi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la chakula cha mifugo, mtaa wa nyuma mjini Nakuru. Sakafu ilikuwa ya mbao, na kupitia nyufa zake ilipanda harufu ya molasi na makapi ya ngano, pamoja na mazungumzo yote ya dukani. Wafugaji walikuja kulalamika juu ya ng'ombe aliyekataa kushika mimba, au ndama anayeharisha, na muuzaji aliwajibu wote kwa sauti ileile ya upole, kana kwamba hajawahi kusikia jambo kama hilo. Mimi na Kiprono tulikuwa tukiacha kuandika ili tusikie mwisho wa kesi. Tulikuwa watu watatu mle ndani. Mwenye ofisi, Bwana Githinji, aliwahi kuwa fundi wa simu. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyevaa sweta hata Januari, na alituamini kuliko tulivyostahili. Kulikuwa na meza tatu, kompyuta nne, moja ikifanya kazi ikiwa tu imevuliwa ubavu, na dirisha ambalo kiangazi hatukulifungua kwa sababu ya vumbi jeupe la kutoka ziwani lililokuwa likiingia kwenye vibonyezo.

Mchana Mama Nyambura alituletea githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye ndoo iliyofungwa blanketi. Ijumaa mama yangu alinifungia mahamri na mbaazi kutoka nyumbani Bondeni, na siku hiyo Bwana Githinji hakuwa na safari yoyote ya kumtoa ofisini. Jumatatu ilikuwa zamu ya Kiprono. Wikendi alipanda kwao Mau Narok, na akirudi alikuja na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, na chumvi iliyosokotwa ndani ya karatasi ya daftari. Tulivila vikiwa baridi, tumesimama, tukidondosha maganda kwenye gazeti. Nimekula viazi vya kila namna tangu wakati huo, na nimekula mahali pazuri kuliko pale. Lakini nikisema nimetamani chakula, mara nyingi huwa natamani kusimama kwenye ile meza Jumatatu asubuhi, na mtu mrefu aliye kimya akinichagulia kile ambacho hakijapasuka.

Kazi iliyotufanya tukae pale mwaka mzima ilikuwa ya hospitali moja ya misheni nje ya mji. Walitaka jibu la maabara likiandikwa kule maabara lionekane wakati huohuo kwenye skrini za wodi, badala ya mtu kuzunguka na karatasi. Kusema ni rahisi. Programu niliyokuwa nimezoea kuandika hufanya jambo moja, likiisha ndipo hufanya la pili. Hii ilitakiwa kuhudumia watu wengi kwa pamoja, na njia yake ni kwamba kila shughuli hupewa uzi wake, na nyuzi zote zinakwenda sambamba ndani ya programu moja. Kila uzi una hali yake, na usipojua uzi uko katika hali gani hujui programu yako inafanya nini. Tulikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, tena fotokopi iliyokosa kurasa. Nilikisoma wiki mbili nikatoka mtupu. Kiprono alielewa upesi, lakini hakuweza kunieleza kwa Kiingereza bila kurudia maneno ya kitabu. Siku moja akasema, "Wewe si kila siku unanirekebisha Kiswahili. Basi wacha tuziite kwa Kiswahili, tuone."

Tulianza asubuhi, tukawa bado tunabishana Mama Nyambura alipopanda ngazi na ndoo yake. Uzi ulioundwa lakini haujaambiwa uanze tuliuita mpya, na hapo hatukugombana. Ulioanzishwa tuliuita tayari, na Kiprono akanieleza jambo alilolipenda sana, kwamba Java, lugha tuliyoandikia programu, inaweza kusema uzi uko tayari na kumbe mfumo wa chini wa kompyuta bado haujaupa zamu, na uzi wenyewe hauna habari. Kisha tukafika kwenye nyuzi zilizosimama, na hizo ni za aina tatu. Yeye aliona zote zinangoja, akataka tuziite hivyo, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nilikataa. Nilimwambia kwetu mtu anayengoja na mtu anayesubiri si mmoja. Kungoja ni kwa muda, unamwambia mtoto angoje kidogo unakuja. Kusubiri kuna subira ndani yake, unakaa mpaka uitwe, na usipoitwa utakaa. Uzi uliopewa muda wa kusimama ndio unaongoja, usiopewa muda ndio unaosubiri. Na ule wa tatu, unaotaka kuingia mahali ambapo mwingine umeshafunga kwa kufuli, huo umezuiwa. Akayaandika yote matatu kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kulala. Uliomaliza kazi tuliuita umekwisha, na huo hauwezi kuanzishwa tena. Ukijaribu, programu inakataa. Tangu siku hiyo sikupotea tena. Hadi leo, ninapofundisha vijana huko Naivasha, hutumia maneno yale, na hakuna anayejua yalipatikana juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe.

Jambo la kufuli ndilo nililopaswa kulishika kuliko yote. Nyuzi mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja hufunga kabla ya kugusa. Sisi tulikuwa na vitu viwili vya kufunga, orodha ya majibu na faili la mgonjwa. Uzi mmoja ukifunga orodha kisha ukataka faili, na mwingine ukifunga faili kisha ukataka orodha, zote mbili zimezuiwa, kila mmoja umeshika kile unachotaka mwenzake, na hakuna utakaoachia. Dawa yake ni utaratibu. Kiprono aliuandika kwa kalamu nene kwenye karatasi na kuibandika ukutani mbele ya meza yangu: orodha kwanza, faili baadaye, kila mahali, kila mtu.

Sikuwa nimeambiwa neno lolote na Kiprono ambalo ningeweza kulirudia kwa mtu. Jioni tulitoka pamoja saa kumi na moja, akinisindikiza mpaka kona ya kuingilia Bondeni, na pale alisimama kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha akageuka. Ikinyesha alinishikia mwavuli wangu mwenyewe, yeye akilowa. Nilimsikia mama akimuuliza shangazi yangu jikoni ni nani huyo Mkalenjin anayebeba mwavuli wa Zainabu, na shangazi akajibu kwamba ni mtu wa kazini, na mama akasema mtu wa kazini hana haja ya kulowa. Hawakujua nipo ukumbini. Nilikaa pale na furaha ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Sikuiuliza inakwenda wapi. Nilidhani kuna wakati.

Mfumo uliwekwa hospitalini, ukafanya kazi. Masista waliokuwa wakiuogopa walianza kuupenda, na wakaacha kutuma watu maabara. Kisha Alhamisi moja, siku chache kabla ya Idi, hospitali ikaomba nyongeza ndogo. Kila jibu jipya likija, faili la mgonjwa lionyeshe na majibu ya zamani. Kiprono alikuwa ameomba ruhusa, yuko kwao. Niliiandika mchana huo mimi peke yangu, nikiharakisha kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi za sikukuu. Katika sehemu ile ilikuwa rahisi zaidi kufunga faili kwanza, ndipo orodha. Nilijua nafanya nini. Karatasi ilikuwa ukutani, inanitazama. Nilijiambia nitarekebisha baada ya Idi, nikajaribu mara mbili tatu, ikakubali, nikaipeleka. Baada ya Idi nikasahau.

Wiki tatu baadaye, asubuhi kama saa nne, mtu wa maabara na sista wa wodi ya wazazi waligusa mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, na skrini zote zikaganda. Mgonjwa huyo alikuwa mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Maabara walikuwa wameshapima kundi la damu yake na kuliandika. Wodini, sista alikuwa amesimama mbele ya skrini akingoja lionekane, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha aiamini. Zilipita dakika nyingi. Mtu wa maabara akashangaa mbona hakuna anayekuja kuchukua damu, akatoka mwenyewe na karatasi mkononi, akakimbia kwenye ile veranda ndefu. Mama alipona, na mtoto pia. Daktari mkuu alituambia wazi kwamba ni bahati, na kwamba asingependa kutegemea bahati tena.

Tulienda kwa pikapu ya Bwana Githinji, sote watatu. Kabla ya kuizima kompyuta ya hospitali, Kiprono aliiamuru itaje kila uzi na hali yake, akachapa karatasi mbili, tukaingia nazo ofisini kwa daktari mkuu, mama mmoja mwembamba aliyekuwa bado na aproni ya chumba cha upasuaji. Karatasi ikawekwa mezani. Nyuzi mbili zilikuwa zimezuiwa, kila mmoja ukitajwa na jina la sehemu yake na namba ya mstari uliosimama. Ule wa juu ulikuwa kwenye sehemu aliyoandika Kiprono. Ule wa chini ulikuwa kwenye mstari wangu wa Alhamisi ile, na niliutambua kabla sijamaliza kuusoma. Daktari aliuliza, bila kupandisha sauti, ni nani aliyeandika hii. Kiprono aliangalia karatasi muda mfupi tu.

"Ni yangu, daktari," akasema. "Hii sehemu niliandika mimi."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka sista alikuwa akinitazama, na kwamba kulikuwa na kikombe cha uji kilichopoa karibu na simu. Nilijiambia akinigeukia tu, nitasema. Hakunigeukia. Daktari akasema hataki kumwona tena kwenye hospitali yake, na Bwana Githinji akaomba radhi kwa niaba yetu, na ikawa basi. Kwenye pikapu nilikaa katikati yao, bega langu likigusa bega la Kiprono kila tulipokata kona, mpaka mjini.

Bwana Githinji hakumfukuza. Kiprono mwenyewe alisema hawezi kuendelea. Alikuja Jumatatu bila viazi, akachukua jaketi na daftari lake, akaniambia, "Wewe endelea, Zai. Hii kazi unaiweza." Nilimsikia akishuka ngazi, na muuzaji akimsalimia, na yeye akijibu vizuri kama siku zote. Kisha nikaketi, nikafungua sehemu yangu, nikageuza mistari miwili. Haikuchukua dakika. Mfumo ule haukuganda tena, na Bwana Githinji akawa anawaambia watu kwamba ni mimi niliyeiokoa kazi. Kuelekea mwisho wa mwaka Kiprono alipiga simu ofisini. Alisema wamepanda ngano, baridi ni nyingi. Akauliza mfumo unaendeleaje, nikamwambia unaendelea. Akauliza kama niliirekebisha ile sehemu yake. Nilidhani ananitania kwa upole, ananipa nafasi ya kushukuru bila kutaja. Nikasema nimeirekebisha. Akasema asante.

Maana nilichoamini ni hiki. Kiprono alisoma karatasi zile haraka kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Haiwezekani hakuuona mstari wa chini. Aliuona, akajua ni wangu, akajitwika. Na kama alijitwika, basi yale yote ya kona ya Bondeni na mwavuli yalikuwa kweli, na hilo lilikuwa tamko lake. Niliolewa na mtu mwema, nikazaa, nikahamia Naivasha kuandika programu za vyumba baridi vya mashamba ya maua. Siku zilizokuwa ngumu nilikuwa nikikitoa kile kitendo na kukitazama, kama mtu anayefungua sanduku kuhakikisha kitu bado kipo. Aibu ilikuwepo, sikatai, lakini ilikuwa imefunikwa na kitu kitamu. Sikumtafuta. Nilijiambia kumtafuta ni kuharibu zawadi.

Tabitha alimenya kiazi kimoja chote kabla ya kuanza kuzungumza. Alisema mumewe hakugusa kompyuta tena, hata ya ofisi ya chifu walipomwomba awasaidie. Kabla ya kumwoa alimketisha akamweleza habari za hospitali, ili ajue anaolewa na mtu wa namna gani. Alimwambia alikaribia kuua mama wa watu kwa uzembe wake. Alikuwa amebadilisha sehemu yake wiki iliyotangulia, na hakuwahi kujua ni wapi aliuvunja utaratibu wake mwenyewe. Binti yao, Cherono, alipomaliza shule akataka kusomea kompyuta, alimkatalia, na kwa mambo mengine yote hakuwa mtu wa kukataa.

"Lakini wewe alikutaja kwa uzuri," Tabitha akasema. "Alisema kulikuwa na msichana anaitwa Zai, alirekebisha makosa yake na hakumsema vibaya kwa mtu. Hiyo alishukuru mpaka mwisho."

Sijui nilikaa muda gani na kile kikombe. Kiprono hakuwa ameambiwa habari ya nyongeza ya Alhamisi, kwa kuwa sikumwambia. Aliuona mstari wa chini, akauona ni wangu, na akaamini uko sawa, kwa sababu ni wangu. Swali la simu lilikuwa swali la kweli. Nilimtazama mwanamke huyu aliyemzika mumewe saa chache zilizopita, na nikaona kwamba naweza kumaliza chai, nikatoa pole, nikashuka kwetu. Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza, kule hospitalini. Safari hii nikamwambia yote, kuanzia karatasi ya ukutani hadi ile mistari miwili, na kwamba nilijua mle ofisini nikanyamaza. Kisu chake kilisimama. Hakulia, wala hakunitukana. Aliangalia mlango wa nje, ambako watu walikuwa wakiongea taratibu, na alipogeuka uso wake ulikuwa umechoka kuliko mwanzo.

"Hayo usiniambie mimi," akasema. "Cherono, kuja hapa."

Msichana aliingia akijifuta mikono, mrefu kama babake. Mama yake akamwambia akae, huyu ni anti Zai, ana kitu cha kumwambia, na mimi nianze mwanzo. Nikaanza mwanzo. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza kama ninasema baba yake hakukosea. Nilisema hakukosea mahali popote. Akauliza kama alikufa bila kujua hivyo. Nikasema ndiyo. Nilidhani atatoka, na ningemwelewa. Badala yake alichukua ratiba ya mazishi kutoka mezani, akaigeuza upande usioandikwa, akanipa na kalamu, akaniambia nimwonyeshe hiyo mistari. Niliandika miwili kama ilivyopaswa kuwa, na chini yake miwili kama nilivyoiandika mimi, nikamweleza kwa maneno machache kufuli ni nini. Aliishika karatasi karibu na dirisha, kwenye mwanga uliobaki.

"Hii inaonekana," akasema. "Mtu yeyote angeiona. Baba angeiona."

"Angeiona," nikamwambia, "kama ningemwonyesha."